Programu za zamani za CD hazitoi sauti? Mwongozo kamili kwa kompyuta za mezani

Swali hili linarudi kila shule zinapofunguliwa: kompyuta inawaka vizuri, CD inafunguka, picha zinacheza, sauti hakuna. Linatoka Mbeya mjini, linatoka Makambako, linatoka Mafinga, na karibu kila anayeuliza ameshapiga Windows upya kabla hajauliza. Wengine wamerudia tena, na kimya kiko palepale.

Kwa tatizo hili, kupiga Windows upya ndiyo dawa mbaya kuliko zote. Kompyuta ya mtumba iliyokuja na draiva sahihi ya kadi ya sauti (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kadi hiyo) inaipoteza siku hiyohiyo, na CD ya draiva ilishabaki huko mashine ilikotoka. Basi fuata hatua kwa mpangilio na usiiguse CD ya Windows.

Mwongozo unahusu kompyuta za mezani zenye Windows 98, XP, 7 au 10, na programu za miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000: za kujifunza kuchapa, za masomo ya Kiingereza na Kifaransa, ensaiklopidia za CD, michezo ya watoto ya herufi na hesabu.

Kitu kimoja kabla ya kuanza. Menyu za Windows huhama kila toleo, kwa hiyo mara nyingi nitakupa amri ya kuandika. Shikilia kitufe cha Windows, bonyeza R, andika amri, kisha Enter.

## Andaa hivi kwanza

- Hedifoni ya waya ambayo umeijaribu leo na inalia
- Simu au redio yenye tundu la hedifoni
- Bisibisi ya nyota na brashi laini ya rangi
- Ufutio mweupe wa penseli na kitambaa kikavu
- Betri mpya ya CR2032, ile bapa kama sarafu
- Flashi safi. Kama mashine ina Windows 98, andaa na CD tupu, maana Windows 98 haitambui flashi bila draiva yake
- CD ya kawaida ya muziki
- Kompyuta nyingine yenye intaneti
- Kalamu na karatasi

Kadi ya sauti ya USB si lazima, lakini ukiipata Mwanjelwa kule Mbeya au Miyomboni kule Iringa ibebe. Utaona kazi yake hatua ya tano.

Onyo. Kabla ya kufungua boksi chomoa waya ukutani. Kuzima tu hakutoshi, kwa sababu pawasaplai (kisanduku cha umeme) ya kompyuta hizi huendelea kupeleka volti 5 kwenye madabodi (bodi kuu ya ndani) hata mashine ikiwa imelala. Na kama mashine imetoka stoo yenye baridi, asubuhi ya Juni au Julai ya Njombe, iache chumbani saa moja au mbili kabla ya kuiwasha ili umande uliojishika ndani ukauke.

## Hatua ya 1: Ondoa spika kwenye lawama

Chomoa waya wa spika kwenye kompyuta, uchomeke kwenye simu, cheza wimbo. Usiposikia kitu, tatizo ni spika, adapta yake au waya, na kompyuta haina kosa.

Spika zikilia, chomeka hedifoni nyuma ya boksi kwenye tundu la kijani. La waridi ni la maikrofoni, la bluu ni la kuingizia sauti. Usijaribu tundu la mbele kwa sasa. Lina matatizo yake na tutalifikia.

Mlio wa "pii" unaousikia mashine ikiwaka hauhusiani na kadi ya sauti. Unatoka kwenye kispika kidogo cha madabodi. Wengi husema "sauti ipo, maana inalia ikiwaka", na hapo hupotea njia.

*Umefaulu kama:* spika zinacheza wimbo wa simu, na hedifoni iko kwenye tundu la kijani la nyuma.

## Hatua ya 2: Uliza Windows, usiulize programu

Fungua folda `C:\WINDOWS\Media` na ubofye mara mbili faili `chimes.wav`.

Hapa njia zinagawanyika, na ndipo watu wanapopoteza siku nzima kwa kutopaangalia. Ukisikia kengele, kadi ni nzima, draiva ni nzima, spika ni nzima. Nenda moja kwa moja hatua ya 6, kwa sababu tatizo ni programu. Usiposikia kitu, programu haihusiki kabisa. Endelea na hatua ya 3.

## Hatua ya 3: Vizima-sauti

Kwenye Windows 98 na XP andika `sndvol32`. Kwenye 7 na 10 andika `sndvol`. Pandisha vipimo vyote, na uondoe tiki kwenye kila kisanduku cha kunyamazisha. Katika XP, kipimo cha jumla kinaweza kuwa juu huku kile cha "Wave" pekee kikiwa kimenyamazishwa.

Kisha andika `mmsys.cpl`. Kwenye Windows 7 na 10 utaona orodha ya vifaa vya sauti. Kama skrini imeunganishwa kwa HDMI, Windows inaweza kuwa inapeleka sauti kwenye skrini isiyo na spika. Chagua spika za kompyuta na uziweke ziwe chaguo-msingi.

Mwisho, kwenye XP na kuendelea, andika `services.msc` na utafute huduma ya "Windows Audio". Lazima iwe inafanya kazi, na iwe imewekwa ijiwashe yenyewe. Wapo mafundi wanaozima huduma ili "kuipa mashine spidi", na hii huwa miongoni mwa wahanga.

*Umefaulu kama:* `chimes.wav` inalia. Vinginevyo twende kwenye draiva.

## Hatua ya 4: Draiva sahihi, si draiva yoyote

Andika `devmgmt.msc`, kwenye Windows 98 andika `control sysdm.cpl` na ufungue kichupo cha vifaa. Tafuta alama ya njano kwenye kitu chenye neno "Audio" au "Multimedia". Ukiiona, furahi: Windows imeiona kadi, ila haijui kuongea nayo.

Kwenye XP na kuendelea bofya mara mbili kitu hicho, fungua kichupo cha "Details", chagua "Hardware Ids". Utaona mstari wa namna hii:

`PCI\VEN_8086&DEV_24D5&SUBSYS_01511028`

Unakili herufi kwa herufi. Ukimpigia mtu simu akusaidie, msomee hiki. "Ni Windows XP, haina sauti" hakumpi fundi pa kushika.

Namba baada ya VEN ni ya mtengenezaji wa chipu: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 11D4 ni Analog Devices, 1106 ni VIA, 1102 ni Creative, 13F6 ni C-Media.

Mtego uko hapa. Ukiona 8086 usikimbilie kutafuta "draiva ya sauti ya Intel". Kwenye kompyuta za kizazi cha AC'97 (mfumo wa zamani wa sauti ya madabodi), Intel alitengeneza kidhibiti tu. Chipu inayotoa sauti ni ya kampuni nyingine, na aliyechagua ipi itumike ni aliyeunda kompyuta. Angalia tarakimu nne za mwisho za SUBSYS: 1028 ni Dell, 103C ni HP, 17AA ni Lenovo, 1014 ni IBM. Katika mfano wetu ni 1028, kwa hiyo unakwenda kwenye tovuti ya Dell, unaingiza namba ya huduma iliyobandikwa kwenye boksi, na unachukua draiva ya modeli hiyo kwa toleo lako la Windows.

Pakua kwa kompyuta nyingine. Kivinjari cha XP hakifungui tena tovuti nyingi za leo, na utamaliza bando ukihangaika.

Mpangilio wa kuweka:

1. Ondoa draiva ya sauti iliyopo, kama ipo.
2. Weka kwanza draiva ya chipseti (chipu zinazoendesha madabodi yenyewe), uwashe upya. Draiva ya sauti husimama juu ya hii. Ukianza na sauti, kadi inaweza isionekane kabisa.
3. Weka draiva ya sauti, uwashe upya tena.
4. Kama umepewa folda tu isiyo na kisakinishi, rudi kwenye alama ya njano, chagua kusasisha draiva, na uielekeze kwenye folda yenye faili linaloishia `.inf`.

Onyo. Achana na programu zinazojitangaza "tunakutafutia draiva zote". Nyingi huja na matangazo na takataka nyingine, na kwa mashine za zamani hukupa draiva inayokaribia tu.

*Umefaulu kama:* alama ya njano imeondoka na kengele inalia kwenye hedifoni.

Kama kwenye orodha hakuna dalili yoyote ya sauti, hata ya njano, fungua boksi.

## Hatua ya 5: Ndani ya boksi

Anza kabla hata ya bisibisi. Washa mashine, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuanza) kwa F2, Delete au F10 kutegemea kampuni, na utafute mstari wa sauti ya madabodi. Kama imezimwa, iwashe. Kama saa ya mashine hurudi nyuma miaka kila umeme ukikatika, betri ya CR2032 imekufa, na kila umeme ukikatika BIOS inasahau ulichoweka. Betri nzima ni volti 3. Ibadilishe kwanza, kisha urudie kuweka, la sivyo kesho utaanza upya.

Kama kadi ya sauti ni ya kuchomeka, ichomoe. Vumbi letu la kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, huingia hadi kwenye tundu la kadi. Upande wa Tukuyu adui ni unyevu, na mistari ya dhahabu ya kadi hufanya utando mweusi. Sugua mistari hiyo taratibu kwa ufutio mweupe, pangusa kwa kitambaa, piga brashi ndani ya tundu, rudisha kadi mpaka ikae sawa. Usitumie msasa, unaondoa dhahabu yenyewe.

Sasa jampa, vifuniko vidogo vya kuunganisha pini mbili, ambazo watu wachache huziangalia. Kwenye madabodi nyingi za AC'97 kuna safu mbili za pini za sauti ya mbele. Kama waya wa tundu la mbele haujaunganishwa, lazima kuwe na vijampa viwili, kimoja kikifunga pini 5 na 6, kingine pini 9 na 10. Sauti ya tundu la nyuma hupitia hapo. Mtu akichomoa vijampa hivyo, labda alipohamisha madabodi kwenye boksi jingine, tundu la kijani hufa kabisa huku Windows ikionyesha kila kitu ni salama. Hakuna draiva itakayotibu hilo. Angalia mchoro wa madabodi yako kabla ya kurudisha jampa, maana upande wa kuanzia kuhesabu pini unatofautiana.

Na tundu la mbele? Likiwa limeunganishwa na bado ni bubu, kwenye madabodi za kizazi kilichofuata tafuta ndani ya BIOS mstari unaochagua kati ya "AC97" na "HD Audio" kwa paneli ya mbele. Boksi la zamani likikutana na madabodi mpya zaidi, chagua AC97.

Yote yakishindikana, chipu imekufa. Chomeka kadi ya sauti ya USB. XP na matoleo ya baadaye huitambua bila CD. Kwa programu za Windows inatosha. Programu za DOS (mfumo uliotangulia Windows) zikiendeshwa moja kwa moja hazitaiona; kwa hizo soma hatua ya 7.

## Hatua ya 6: Windows inalia, programu haitoi sauti

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Programu moja ya CD inaweza kutoa sauti kwa njia tatu au nne tofauti, na kila njia ina mahali pake pa kukatikia. Ndiyo maana somo hucheza muziki lakini mwalimu haongei, au anaongea lakini muziki haupo. Sikiliza nini kinakosekana kabla ya kugusa chochote.

### Maneno na milio haipo

Hizi ni faili za WAV, yaani sauti iliyorekodiwa. Kwenye Windows 98 kadi nyingi hukubali programu moja tu kwa wakati, kwa hiyo funga kicheza muziki kilichojificha kule chini kulia karibu na saa.

Kwenye XP andika `dxdiag`, nenda kichupo cha sauti, shusha kiwango cha kuharakisha sauti hadi ngazi ya msingi. Sauti inayokatakata au yenye mwangwi wa ajabu mara nyingi hupona hapohapo.

Kwenye Windows 7 na 10, rudi `mmsys.cpl`, fungua sifa za spika, kichupo cha "Advanced", na uchague biti 16 kwa Hz 44100. Baadhi ya programu za zamani hukwama kifaa kikiwa kwenye biti 24. Kisha bofya kulia faili la programu, fungua sifa, na kwenye kichupo cha upatanifu chagua Windows 98 au XP pamoja na rangi 256.

### Muziki wa nyuma haupo

Huu huwa MIDI, yaani noti ambazo kompyuta huzipiga yenyewe. Bofya `onestop.mid` ndani ya folda ileile ya Media. Kwenye Windows 98 ni `canyon.mid`. Kama nayo ni kimya huku `chimes.wav` inalia, kwenye 98 na XP fungua `sndvol32` uangalie kipimo kinachoitwa "SW Synth" au "MIDI". Kama hakionekani, kiongeze kupitia machaguo ya dirisha hilo.

### Muziki au simulizi ndefu haipo, na ilikuwepo zamani

Hapa pana kesi nyingi kuliko zote, na sababu yake ni nia njema. Shule ina CD moja, wanafunzi wanaikwaruza, mwalimu anainakili kwenye flashi au anatengeneza faili la ISO (nakala ya CD ndani ya faili moja). Programu inafunguka, inaonyesha picha, na sauti ya muziki inatoweka.

Sababu ni kwamba CD nyingi za enzi hizo zilibeba vitu viwili kwa pamoja: njia ya kwanza ni data, zinazofuata ni nyimbo za kawaida kama za CD ya muziki. Kunakili faili kunachukua data tu, na ISO pia inachukua data tu. Iweke CD halisi kwenye redio ya CD na uruke hadi wimbo wa pili (sauti ipunguze, wimbo wa kwanza unaweza kutoa makelele makali). Ukisikia muziki, umepata jibu. Nakala unayotaka ni ya aina ya BIN na CUE, ambayo hubeba njia zote.

Kama unatumia CD halisi na bado hakuna kitu, jaribu CD yako ya muziki kwenye kompyuta. Ikiwa nayo ni kimya, fungua boksi utazame nyuma ya kisoma CD. Kwenye mashine za zamani kuna kebo nyembamba ya nyaya nne inayotoka hapo kwenda kwenye kadi ya sauti au madabodi, mahali palipoandikwa "CD IN". Ikikosekana, sauti ya CD haina njia.

Huna kebo? Kwenye XP ingia `devmgmt.msc`, bofya mara mbili kisoma CD, kichupo cha sifa, na uweke tiki kwenye kuwezesha sauti ya CD ya kidijitali. Sauti sasa inapita kwenye kebo ya data.

Jambo dogo linalosumbua wengi: kama mashine ina visoma viwili, tumia chenye herufi ya mwanzo. Programu nyingi za zamani hucheza muziki kutoka hicho tu.

### Video ni bubu au hazifunguki

Video hizo hutaka kodeki (programu za kusoma video) za zamani. Tazama ndani ya CD yenyewe folda kama `QTW` au `VIDEO`. Kisakinishi mara nyingi kimo. Mafurushi makubwa ya kodeki ya mtandaoni yaache, yanaharibu zaidi ya yanavyotengeneza.

## Hatua ya 7: Programu za DOS

Programu ya DOS haitumii draiva ya Windows. Inatafuta kadi ya Sound Blaster yenyewe, kwa anwani na namba maalumu. Kadi ya Sound Blaster 16, iliyotoka 1992, kwa kawaida hukaa hivi:

`SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 P330 T6`

Yaani anwani 220, IRQ (namba ambayo kadi huiitia kompyuta) 5, DMA (njia ya kupitishia data) 1, DMA ya juu 5, MIDI kwenye 330. Kwa kompyuta yako ya leo usihangaike na kadi halisi, weka DOSBox ya bure, programu inayoiga kompyuta ya DOS, toleo 0.74-3. Nakili programu kwenye folda, kwa mfano `C:\kale`, kisha ndani ya DOSBox:

`mount c c:\kale`
`mount d d:\ -t cdrom`
`c:`
`setup`

Kwenye ukurasa wa kuchagua kadi, chagua Sound Blaster 16. Sasa soma mstari huu mara mbili: kwenye DOSBox IRQ ni 7, si 5. Maelekezo ya kwenye kasha la CD husema 5, programu yenyewe hupendekeza 5, na walio wengi hukubali 5. Matokeo yake ni kimya, au neno moja linalojirudia bila kukoma. Ukiwa na shaka andika `set` ndani ya DOSBox, nayo itakuonyesha namba zake.

Sauti ikiburuta, bonyeza Ctrl na F12 mara kadhaa kuongeza kasi; ikizidi, Ctrl na F11. Kwa nakala ya BIN na CUE, badala ya mstari wa pili andika `imgmount d c:\kale\somo.cue -t iso`.

## Hatua ya 8: Inapokataa kufunguka kabisa

Windows za biti 64 haziendeshi programu za biti 16, iwe 7 au 10, na Windows 11 ipo ya biti 64 tu. Ujumbe wa kutopatana na toleo la Windows si ugonjwa wa sauti, na draiva haitausaidia.

Weka VirtualBox, programu inayoiga kompyuta nzima, ndani yake XP ya biti 32, na kwenye mipangilio ya sauti chagua "ICH AC97", ambayo XP inayo draiva yake tayari. Kwa Windows 98 chagua "SoundBlaster 16". Mashine yenye RAM ya GB 2 inaweza kubeba XP ya ndani kwa shida. Ya GB 4 haitakusumbua.

## Sauti ikishapatikana

Siku hiyohiyo nakili folda ya draiva kwenye flashi mbili na kwenye CD moja. Andika mstari wa VEN na DEV kwenye karatasi, uibandike ndani ya kava la boksi kwa selotepu, pamoja na modeli na toleo la Windows. Zima intaneti kwenye mashine za XP. Microsoft iliacha kulilinda toleo hilo Aprili 2014, na programu za CD haziuhitaji mtandao.

Ikibidi kumwita fundi, mpe vitu vinne: mstari wa VEN, jibu la `chimes.wav`, aina ya sauti inayokosekana, na kama unatumia CD halisi au nakala. Akianza kutafuta CD ya Windows kabla ya kuviangalia, tafuta fundi mwingine.